Kilio Bila Sanduku

Watu wa kwetu Kadutu wanapenda kuniambia: mama yako Virginie alikuwa mutu muzuri, ni vile tu alikuwa na kichwa nguvu. Wanasema vile sasa juu amekufa. Wakati alikuwa muzima, miaka mbili nzima hakuna mutu alikaa karibu yake ku benchi ya kanisa. Wacha niseme hii maneno vile ilikuwa, juu nimechoka kusikia uongo.

Mama alikuwa Mushi, ni kabila ya kwetu, wa kijiji ya Mumosho, mujane, akiuzisha sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, ku soko. Alikuwa Mukatolika wa kweli, ule wa misa ya saa kumi na mbili kila asubuhi. Serikali ya Zaïre ilikuwa imekataza majina ya Wazungu, kwa hiyo ku karte yake ya kitambulisho waliandika Nabintu. Mu parsele, kiwanja ya nyumba zetu, kila mutu aliendelea kumuita Virginie, na hakuna polisi alipoteza wakati kuja kusikiliza.

Jirani yetu, mulango kwa mulango, alikuwa Mama Mwavita, Muislamu wa Kasongo, mujane pia. Mutoto wake mumoja tu, Sumaili, alikuwa anatafuta zahabu kule Kamituga. Hawa wamama waliishi kama watoto wa tumbo moja, na mu miaka kumi na tano sikusikia hata siku moja mumoja anamuambia mwenzake abadilishe dini. Noeli ikikaribia, mama alikamata jogoo, akapanda nayo mulima mpaka kwa Papa Saidi, mwalimu wa musikiti, ili aichinje yeye, Mama Mwavita apate kula na sisi. Mimi nilikuwa nakasirika: jogoo ni yetu, Noeli ni yetu, sababu gani tupande mulima? Mama alinijibu: «Colombe, mugeni mwenye hawezi kula, haukumuita.» Siku ya Idi, pilau ya Mama Mwavita ilifika kwetu mbele ya kufika kwa watu wa dini yake.

Mwaka wa 1977 Mama Mwavita aligonjwa figo. Siku moja muchana alimuita mama karibu ya kitanda. Mimi nilikuwa pale, namushikia kikombe ya uji.

«Virginie, nikikufa, munizike siku ileile, mbele jua izame. Wamama wa dini yangu ndio wanioshe. Sanduku, hapana. Na hata Sumaili akiwa mu njia, musimungoje.»

Mama alimuuliza kama anajua vile mutoto ataumia.

«Najua. Ataumia, kisha atapona. Uniapie.»

Mama akaapa kwa jina ya Bikira Maria. Mama Mwavita akacheka kidogo, akasema hiyo inatosha.

Alikufa siku ya ine, Alhamisi, saa mbili ya asubuhi.

Hapo ndipo majirani wazuri walitokea. Papa Adalbert alifika wa kwanza. Alikuwa mukubwa wa shirika yetu, ile kikundi ya Wakristo wa avenyu wenye wanasali pamoja, na alikuwa na kazi mu bureau, ofisi moja kubwa kule mujini. Siwezi kusema alikuwa mutu mubaya, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Alilia machozi ya kweli. Mbele ya saa ine alikuwa amekwisha kuagiza sanduku ya mbao ya libuyu, amemupa dereva wa lori neno ya kupeleka Kamituga, amepanga na vijana wa kwaya waje kuimba.

«Huyu mama aliishi na sisi,» akasema. «Hatuwezi kumuzika mbio mbio kama mutu hana watu wake. Tutamungoja Sumaili, hata siku ine.»

Kwetu ni vile. Maiti anangoja mutoto wake, na mwenye anazika haraka, iko na kitu anaficha. Waliona wanamupa Mama Mwavita heshima yote yenye walikuwa nayo. Heshima gani hiyo, yenye haimuulize mwenyewe anataka nini?

Mama alisimama mu mulango ya Mama Mwavita, mikono huku na huku.

«Sanduku haitaingia.»

«Maman Virginie, unatupatisha haya,» Papa Adalbert akasema. «Mukristo muzima unataka jirani azikwe na nguo tu?»

«Ni yeye alitaka. Niliapa. Ahadi ni deni, Papa Adalbert.»

Nilikimbia mwenyewe kumuita Papa Saidi. Wamama wa musikiti walikuja, wakafunga mulango, wakamuosha. Saa kumi wanaume wakamubeba. Watu wa shirika walibaki kando ya barabara, mikono nyuma, wakiangalia. Mama alifuata kwa mbali, peke yake. Walipomaliza, jua ilikuwa bado juu ya milima.

Sumaili alifika siku ya Mungu, Jumapili, nyuma ya siku mbili ndani ya lori na matope. Shirika yote ilikuwa mu parsele yetu, wametoka ku misa. Hakumusalimia mutu.

«Mama Virginie, nilikomalia ku mikono yako. Ulishindwa kunilindia uso ya mama yangu siku tatu tu?»

Mama alimuambia maneno yote, moja kwa moja, mpaka ile ya mwisho.

«Kuzika haraka, najua, ni dini yetu,» Sumaili akasema. «Lakini ‹musimungoje›? Mama yangu hawezi kusema vile juu yangu. Nani alisikia?»

Papa Adalbert aliniangalia. Alikuwa ameniahidi nafasi ya kupiga mashini ya kuandika mu bureau yake. Nilikuwa na miaka kumi na nane, diploma mukononi, na kwetu hakukuwa mutu hata mumoja wa mushahara. Nikisema ‹mimi›, nilikuwa namufanya Papa Adalbert mujinga mbele ya shirika yote. Ilikuwa neno moja tu. Niliangalia chini.

Mama aliona.

«Hakuna,» akasema. «Tulikuwa wawili tu.»

Sumaili alitema mate mbele ya miguu yake, akaondoka, na hakukanyaga tena kwetu. Kisha watu wakaanza: labda alitaka vitu ya marehemu, labda kuna kitu alimupa mu uji. Asante ya punda ni mateke. Mama hakujitetea hata kwa padri, na mimi hakuniuliza kitu.

Mwezi wa kenda nilianza kazi. Ile asubuhi mama aliamuka mbele mimi niamuke, akanipigia pasi kikwembe, kitenge yangu ya kuvaa, akaniambia nisichelewe kwa Papa Adalbert.