Mashine ya Mama Juu ya Kabati

Niliondoka Babati wiki moja kwenda kusimamia mitihani, nikamwachia shangazi amwangalie mama. Shangazi ni dada wa marehemu baba, na alikuja nyumbani kwetu mtaa wa Nakwa kutoka kijiji cha Sigino na kuku wawili. Nilimwonyesha vidonge vya moyo na vile vya kupunguza maji mwilini. Mwisho nikamwonyesha mashine. Moyo wa mama umechoka kusukuma damu, na akilala koo linaziba, pumzi inakatika. Mashine humsukumia hewa kupitia maski anayoivaa puani, koo libaki wazi.

"Asilale bila hii, hata usingizi wa mchana," nilisema.

"Nimesikia, mwanangu."

Niliporudi, saa sita mchana, mama alikuwa amesinzia kwenye kiti sebuleni. Alikoroma, akanyamaza. Kimya kikazidi mpaka nikamtikisa, ndipo akavuta pumzi kama mtu anayeibuka majini. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini. Nilipobonyeza, kidole kiliacha shimo. Mashine ilikuwa juu ya kabati la vyombo, imefungwa kwenye kanga.

Shangazi alikuwa jikoni akichambua mboga. Sikumwamkia.

"Nani ameitoa?"

"Haijavaliwa tangu Jumatatu," alisema bila kuacha kazi. "Pumzi anatoa Mungu. Mtu mzima hafungwi kamba usoni kama ndama."

Nilimwambia maneno ambayo shangazi haambiwi. Nilimwambia kama alikuwa na haraka ya kumzika wifi yake, angesema mapema tuchimbe kaburi.

"Mwache." Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia ukuta. Alipumzika kidogo kabla ya kuendelea. "Mimi ndiye niliyemwambia aitoe. Wanajumuiya wa kanisani walikuja kusali, wakanikuta nayo. Mmoja akacheka."

Labda nilipaswa kumwonea mama huruma. Sikuweza. Nilimkasirikia kwa kuona kicheko kizito kuliko pumzi yake mwenyewe. Nilimkasirikia shangazi kwa kukubali. Tulimpakia kwenye bajaji hadi hospitali.

Walimwekea oksijeni, wakamchoma sindano za kutoa maji. Nesi akauliza kama alikuwa akitumia mashine yake. Mama alifungua mdomo, nikajua anataka kudanganya. Shangazi akamtangulia.

"Tuliiweka juu ya kabati, sista. Mimi na yeye."

Mama alilazwa siku nne. Sasa anaivaa kila anapolala, na mara nyingi shangazi ndiye anayemkazia mikanda.

Yule aliyecheka, ambaye mama alikuja kunitajia, nilikutana naye sokoni. Nilikuwa nimemwandalia maneno siku nyingi. Akaniuliza kwa upole, "Mama anaendeleaje?" Nikampita, nikasahau hata vitunguu nilivyofuata.

Shangazi sijamwomba radhi. Namwamkia shikamoo kila asubuhi. Anachelewa kidogo, kisha anaitikia marahaba.