Jumamosi Niliyoitwa Hotelini

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa tatu wa kusomea afya ya umma, na kabla ya kuingia mwaka wa nne nilitakiwa kufanya atachimenti, yale mafunzo ya kazini ambayo bila hayo chuo hakikupi shahada hata ukiwa umepita mitihani yote. Kila mwanafunzi alijitafutia nafasi mwenyewe. Wenzangu wengi walikuwa na mjomba mahali fulani, au baba anayefahamiana na daktari. Mimi nilikuwa na bahasha ya kaki yenye barua ya chuo, na viatu vyeusi vilivyonibana vidole.

Nilizunguka Embu mjini ofisi kwa ofisi. Tumejaa. Rudi wiki ijayo. Acha barua hapo. Jioni nikifika nyumbani, kule Manyatta, mama alikuwa ananiuliza kwa macho tu, nami namjibu kwa kuvua viatu na kwenda kukamua ng'ombe. Chuo kilikuwa kimetuambia kwamba atakayekosa nafasi kabla ya muda uliowekwa kwisha atasubiri mwaka mzima. Mwaka mzima nyumbani!

Basi unaweza kuelewa nilivyofurahi siku nilipompata mtu wa kunisikiliza. Alikuwa mkuu wa kitengo katika ofisi moja pale mjini, mtu mzima, mpole wa sauti. Alinipa kiti. Aliisoma barua yangu mpaka mwisho, na hakuna mwingine aliyekuwa ameisoma.

"Nafasi iko," alisema. "Niachie namba ya simu, nitakuita uchukue barua ya kukubaliwa."

Usiku huo mama alimtaja katika sala ya chakula. Alimwombea afya.

Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa wa kawaida: umefika salama? Nikajibu ndiyo, asante sana. Halafu zikaja nyingine. Umelala? Mbona uko kimya, mrembo? Nilikuwa nikizijibu kwa neno moja moja, huku nikijiambia kwamba huenda ndivyo watu wa ofisini wanavyozungumza siku hizi, na kwamba mimi ndiye mshamba. Ijumaa, nikiwa shambani na mama tunachuma kahawa, simu ikalia mfukoni.

"Kuja kesho saa nane, ile hoteli iko nyuma ya stendi. Uliza reception watakuonyesha room yangu. Tumalizie mambo ya barua yako. Kuja pekee yako."

Niliusoma nikiwa nimesimama katikati ya mistari ya mibuni. Sikuhisi hasira. Watu hudhani mtu huhisi hasira. Mimi nilihisi baridi, na mikono yangu ikaanza kuangusha kahawa nje ya kikapu. Nilitafuta maana nyingine katika maneno yale. Labda ana mkutano hapo. Labda room ni ya mkutano. Lakini kila nikirudi kwenye yale maneno ya mwisho, zile labda zote zinaanguka.

Nilimpa mama simu. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kwa kuwa Kiswahili chake ni kile cha darasa la saba na Kiingereza ni kidogo. Akanirudishia simu. Akaendelea kuchuma.

"Mama?"

"Chuma kahawa."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kwanza nilidhani hakuelewa. Kisha nikadhani jambo baya zaidi: kwamba ameelewa, na kwamba ananiambia niende. Najua sasa ni dhana ya kijinga kumdhania mama yangu, lakini hofu haichagui mtu. Tulichuma mpaka mvua ikatufukuza.

Kesho yake alitoka chumbani amevaa sare ya akina mama wa kanisani, kitambaa cha bluu kimefungwa vizuri kichwani, kiondo begani.

"Bado hujavaa?" akaniuliza. "Tutachelewa."

Njiani, ndani ya matatu, nilimsihi turudi. Nilimwambia yule mtu atanikasirikia, atapiga simu chuoni, nitaharibiwa jina. Mama alikuwa anatazama nje tu.

Hotelini alimwendea msichana wa mapokezi, akamtajia cheo cha yule bwana. "Mwambie ashuke. Wageni wake wako hapa chini."

Alishuka akiwa na ndara na fulana, anatabasamu. Tabasamu lilimkauka alipofika ngazi ya mwisho na kuona ile sare ya bluu. Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya mama kama mtoto wa nasari.

Mama aliushika mkono wake kwa mikono miwili. "Mwanangu," alimwambia kwa Kiembu, ingawa walikuwa karibu rika moja, "nimekuja kukushukuru. Si wengi wanaosaidia watoto wa watu bure." Akaketi, akaagiza chai ya watu watatu. Yule bwana hakuwa na la kufanya ila kukaa.

"Wewe ni wa upande gani?"

Akataja kwao.

"Wazazi wako hai?"

"Mama yuko."

"Asifiwe Mungu. Na watoto?"

"Ninao. Watatu."

"Kuna msichana?"

Alikunywa chai kabla ya kujibu. "Mkubwa ni msichana. Yuko kidato cha tatu."

"Mungu amlinde," mama akasema. Alimtazama tu, kwa upole, muda mrefu kuliko mtu anavyopaswa kutazamwa. Kisha akasema, "Haya, ile barua. Tulikuja kwa ajili ya barua."

Yule bwana alisema muhuri uko ofisini.

"Si neno. Jumatatu nitamleta mimi mwenyewe."

Na Jumatatu akanipeleka. Barua ilitiwa sahihi na kupigwa muhuri bila mtu kuinua macho. Mama alitoka pale akitembea kama aliyeshinda kesi ya shamba. Aliniuliza kama nina njaa, akaninunulia ndizi mbivu, akacheka peke yake.

Mimi sikuweza kuzila. Nilikuwa na barua mkononi, na barua ilisema nitaripoti kwake, nitafanya kazi chini yake, yeye ndiye atakayenipa alama. Miezi mitatu. Nilijiona nikiitwa ofisini kwake, mlango ukifungwa. Tulipofika nyumbani nikamwambia mama sitaenda.

Alikasirika, nami nilimwelewa. "Muhuri tumepata. Sasa unataka nini tena?"

"Mama, wewe hutakuwa pale."

Alisimama na sufuria mkononi. Akaiweka chini, akavuta kigoda na kukaa.

"Nilidhani ile shida nimeimaliza," alisema. Na baadaye kidogo: "Pale hotelini miguu yangu ilikuwa inatetemeka. Hukuona kwa sababu meza ilikuwa na kitambaa."

Alinipa nauli ya Meru. Huko hatukuwa na mtu, lakini nilikuwa nimesikia kuna machinjio yanayochukua wanafunzi wa afya. Ilikuwa wiki ya mwisho ya muda tuliopewa na chuo. Nilifika asubuhi, nikapita katikati ya ng'ombe waliofungwa na watu wenye aproni zenye damu, kila mwanamume aliyenitazama nikihesabu hatua za kurudi getini. Nikaelekezwa kwa mkaguzi wa nyama. Nilitarajia mwanamume mwingine. Nikamkuta mama mmoja wa makamo, wa mtaa wa Majengo, amevaa koti jeupe juu ya buibui na gambuti miguuni, anapasua ini kwa kisu chembamba, akitafuta minyoo.

"Binti, unaogopa damu?" aliniuliza bila kugeuka.

"Hapana."

"Basi mbona hiyo bahasha inatikisika?"

Nilisema nimetembea sana. Alinawa mikono, akaisoma barua ya chuo, akanisukumia kipande cha karatasi. "Niandikie namba ya simu ya mzazi. Ukipigwa pembe nijue nimpigie nani." Yangu hakuiomba. Siku hiyohiyo aliipeleka barua kwa wakubwa wake na kunirudishia ikiwa na muhuri wa kukubaliwa.

Nilipanga chumba kidogo Majengo, jirani na bucha, nikawa naamka na adhana. Kazi niliipenda haraka kuliko nilivyotarajia. Nilijifunza kukata tezi kutafuta dalili za ugonjwa, kulijua pafu bovu kwa kidole. Lakini hofu haikubaki Embu. Kila simu yangu ikitetemeka, niliweka kisu chini. Siku moja ikatetemeka juu ya meza ya mkaguzi, tukiwa tunaandika ripoti, na ujumbe ukaonekana kwenye kioo: "Ulipotelea wapi, mrembo?"

Mkaguzi aliutazama uso wangu, si simu.

"Ni nani huyo?"

Nikamweleza yote, tangu kiti nilichopewa mpaka chai ya mama. Hakunipa pole. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya buibui.

"Ulizifuta zile za kwanza?"

"Hapana."

"Usifute hata moja. Unataka kumshtaki?"

"Naogopa."

"Haya," alisema. "Ukiacha kuogopa, niambie. Hata usipoacha, niambie." Na tukarudi kwenye ripoti.

Nilimaliza atachimenti, nikapata alama nzuri, nikarudi chuoni. Sikushtaki mwaka huo. Nilingoja mpaka shahada iwe mkononi, ndipo nikapeleka jumbe zote kwa mhadhiri aliyesimamia atachimenti zetu, mkaguzi akiwa ameketi nami tukizipanga kwa tarehe. Mhadhiri alijibu kwa mistari michache kwamba hawaruhusu tena wanafunzi kwenda katika ofisi ile, na kwamba sikuwa wa kwanza kulalamika. Hilo la mwisho lilinikosesha usingizi kuliko mengine yote, maana kama walijua, mbona hakuna aliyetuambia?

Yule bwana nasikia alihamishwa. Wengine wanasema alipandishwa cheo. Mimi sijauliza. Siku hizi ninafanya kazi Meru, na nikienda kumsalimia mama ninapitia Embu mjini. Nikikaribia ile ofisi, huvuka barabara, nikapita upande wa pili mpaka nimeimaliza.