Sindano za Shemeji Zimemtuliza Mwanangu Aleji, Lakini Uso Wake Unanitisha

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana ndugu wengi wa mume wangu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, fundi cherehani, naishi Kizota hapa Dodoma. Nina mume na binti mmoja wa miaka minane, nitamwita Rehema.

Rehema ana aleji ya chavua. Majani yakianza kutoa maua, huyu mtoto anateseka jamani. Macho yanavimba mpaka hayafunguki, anapiga chafya hadi pua inatoka damu, shule haendi. Mwaka jana tulimpeleka Mlali kwa mama yangu, tukakuta alizeti zimechanua kila upande. Tulirudi naye kifua kimembana, nikajua namzika. Daktari wa hospitali akatuambia ipo tiba ya kuuzoesha mwili: mtoto anachomwa kidogo kidogo kitu kile kile kinachomdhuru, tena kwa miaka, mpaka mwili ukubali. Ila hapa haipatikani, tusubiri watuulizie rufaa.

Mume wangu hakusubiri. Mdogo wake ana duka la dawa, na ukoo wao mzima kule Kondoa wanamwita daktari. Shemeji akasema tiba hiyo anaifahamu na dawa yake anaipata. Nilishukuru hadi nikalia.

Siku moja tu baada ya sindano ya kwanza, Rehema aliamka macho makavu, akatoka kucheza na wenzake vumbini. Baba yake alifurahi sana. Mimi nikaingiwa na wasiwasi, kwa sababu daktari alisema miaka. Nilimuuliza shemeji kwa heshima mbona hakumpima kwanza kujua ni chavua ipi inayomsumbua. Akacheka, akaniambia nishone nguo, dawa nimwachie yeye. Nikaomba nione kichupa, akakitia mfukoni. Tangu hapo anakuja na bomba la sindano limeshajazwa.

Sasa ni miezi kadhaa. Rehema anakula kama mtu mzima, uso umekuwa duara, mashavu yamejaa mpaka macho yamekuwa madogo. Majirani wananipongeza kwamba mtoto amenawiri. Natabasamu tu, lakini mimi ndiye ninayemshonea magauni. Kiunoni nalegeza kila mara, mikono imebaki vile vile vijiti. Huko si kunenepa.

Juzi nilimdanganya mume wangu kwamba tunaenda kutafuta vitambaa, nikampeleka mtoto kwa yule daktari wa hospitali. Alimtazama, akauliza anachomwa nini. Niliona aibu kumjibu kuwa sijui. Akasema anahofia ni steroidi, dawa kali inayotuliza aleji haraka, lakini ikizidi inadhoofisha mifupa na kumdumaza mtoto. Akanionya pia nisikatishe ghafla kwa akili zangu, maana nako kuna hatari yake. Nirudi wiki ijayo na jina la dawa, tena nije na baba yake.

Jioni nilimweleza mume wangu kila kitu. Nilitegemea ashtuke. Akamaliza kula, akanawa mikono, ndipo akasema taratibu, "Mama Rehema, si anapumua?"

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ulijua?"

Alisema tu kwamba nikirudi hospitali nitamfunga mdogo wake, na mama yake hatanisamehe. Kisha akachukua simu akatoka uani, na nikasikia akinitaja kwa sauti ya chini.

Tangu siku hiyo simwelewi mtu niliyeolewa naye. Sijui kama alidanganywa kama mimi akaona aibu kukiri, au walipanga wawili tangu mwanzo wakaniacha nishukuru. Nikimwangalia anavyombeba Rehema, naona anampenda. Hilo ndilo linalonichanganya zaidi.

Shemeji anakuja tena Jumamosi, kabla ya siku niliyopangiwa kurudi hospitali. Rehema anamsubiri kwa hamu, kwa sababu kwake baba mdogo ndiye aliyemwezesha kurudi shule. Nikimzuia, mume na ukoo wake wataniona adui, na mtoto anaweza kubanwa kifua mikononi mwangu. Nikinyamaza, naendelea kumshika mkono mwanangu achomwe kitu nisichokijua.

Wazazi wenzangu, na wauguzi mliomo humu, msinitukane, niambieni ukweli. Jumamosi akibisha hodi, nimfungulie?