Waya wa Karani

Karani wa zahanati yetu huipapasa kompyuta yake kuukuu kila asubuhi kama anapima homa, kisha huhakikisha waya wa intaneti umechomolewa. Watengenezaji waliacha kuilinda dhidi ya wadukuzi miaka sita iliyopita, na ndani yake mna majibu ya vipimo vya mtaa mzima. Jana mganga mkuu alimwambia, "Mama, chomeka dakika mbili tu, nitume ripoti." Karani akauviringisha waya taratibu, akautia mfukoni. "Daktari, mwizi hahitaji hata hizo mbili. Niamuru kwa maandishi, na uniorodheshee wagonjwa utakaowaomba radhi." Daktari akavuta kiti, akaanza kuandika barua ya kuomba kompyuta mpya.