Gunia la Mhoja

Mimi simwamini mtu anayepata nguvu ghafla. Ndiyo maana nilimtilia shaka Mhoja kabla ya wenzangu wote.

Alikuwa kuli mwenzetu bandarini Mwanza. Mwaka ule redio ilipokuwa ikituimbia kampeni ya Mtu ni Afya, homa ya matumbo ilimlaza hadi akabaki mifupa. Nyapara akampa sharti: abebe gunia la kahawa ya Bukoba toka melini hadi ghalani bila kulitua. Msimu ukianza hajaweza, kazi hana.

Tulimhurumia. Kisha tukaanza kumwona kila alfajiri ufukweni, gunia begani, akipanda na kushuka majabali. Gunia lenyewe kalifunga kwa kamba, hakuna ajuaye ndani mna nini. Shingo ikanenepa. Na kadiri alivyopata nguvu, Shimba, mwenye nguvu kuliko sote, akaanza kuumwa mgongo.

Jamani, nani asingeunganisha mambo hayo mawili? Kwetu Usukumani tunajua nguvu za mtu huweza kuchukuliwa. Shimba akaapa hafanyi kazi tena na Mhoja, nami nikaapa naye. Lisemwalo lipo.

Siku ya kupimwa, Mhoja alilifikisha gunia la kahawa ghalani bila kulitua. Nyapara akafurahi peke yake.

"Sasa fungua lile lako," nikamwambia.

Akafungua. Mchanga. Nikazamisha mkono hadi kwapani nikitafuta hirizi. Nikaibuka na kopo kuukuu la maziwa.

"Hicho ndicho kipimo changu," akasema. "Nilianza na kopo moja la mchanga. Nikilizoea, naongeza jingine. Kuna asubuhi mwili ulikataa kabisa, lakini nilijua wewe Maige uko nyuma ya jabali unanichungulia. Nikaona aibu kulala."

Nilikasirika sana, maana nilidhani nimejificha vizuri.

Shimba alikuwa amekaa chini, kashika kiuno. Mhoja akajaza kopo mchanga, akamsogezea. "Mgongo ukipoa, kaka, anza na hili. Tutapanda wote."

Shimba hakuligusa. Alinitazama mimi, na genge zima likanitazama.

Nikalichukua kopo. Nikamimina mchanga kiganjani, nikauchambua, nikaunusa, nikaonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Nikaurudisha wote.

"Ni mchanga tu," nikasema.

Ndipo Shimba akalipokea.