Kiti Kando ya Mpapai

Mimi ni mtu wa nyumbani. Ukoo mzima unajua: ukinitaka huna haja ya kupiga simu, wewe njoo tu. Cherehani yangu iko barazani kwa mama, Shangani, hatua nane kutoka kitandani kwangu, na hizo hatua nane nazo nazinung'unikia. Kwa hiyo ugonjwa ulipoingia nchini na tukaambiwa tupunguze mizunguko isiyo ya lazima, nadhani mkoa mzima wa Mtwara ni mimi peke yangu niliyetii bila kubadilisha chochote.

Ila safari ile nilikuwa na sababu. Mama ana pumu. Kifua chake kinapiga filimbi tangu nikiwa mtoto; nilijua kuisikiliza kabla sijajua kusoma saa. Daktari aliyemwona mwanzoni mwa kipindi kile alinivuta pembeni akaniambia maneno mawili: "Huyu mlinde." Namna ya kumlinda hakusema. Nikarudi nyumbani kama mtu aliyekabidhiwa yai avuke nalo barabara ya bandarini wakati malori ya korosho yanapita.

Nikanunua ndoo ya bomba, ya bluu, nikaipandisha juu ya kigoda pale mlangoni, na kipande cha sabuni pembeni. Nikashona barakoa kwa vipande vya vitenge vilivyobaki. Hayo yalikuwa mepesi. Kazi ilikuwa watu. Utamwambiaje mtu mzima aliyekuja kukujulia hali, mkono ameshaunyoosha, kwamba mkono wake huutaki? Kwetu mtu akikunyima mkono, ama mmegombana ama anakuona mchawi. Basi mimi niliyefika kidato cha nne, nikapata daraja ambalo pale nyumbani hatulitaji, nikagundua dawa. Nilikuwa nasema hivi: "Siyo mimi, mzee wangu. Serikali imesema."

Ilifanya kazi vizuri ajabu. Mtu anarudisha mkono wake, ananawa, anakwenda kukaa kwenye kiti nilichokiweka kando ya mpapai, mbali na mkeka wa mama, na hasira zake zote anazielekeza Dodoma. Mimi nabaki mtoto mwema.

Mgeni wa kila siku alikuwa karani mstaafu wa bandari, jirani yetu, aliyefanya kazi na marehemu baba. Alikuja baada ya swala ya alasiri, redio ndogo mfukoni, akiwa na maoni juu ya kila kilichowahi kupita bandarini na kila kilichotakiwa kupita kisipite.

"Fundi," alisema siku moja kutoka kwenye kiti chake cha mpapai, "wenzetu nchi nyingine wamefungiwa ndani. Ukitoka, fimbo. Sisi mkubwa katuachia. Bora sisi."

"Bora nini?" mama akadakia. "Huyu mwanangu kajifungia ndani tangu azaliwe, nani alimpiga fimbo?"

"Huyo si ugonjwa, shemeji. Huyo ni uvivu."

Walicheka wote wawili. Nami nikacheka, maana mama akicheka bila kukohoa mwishoni, kwangu hiyo ilikuwa taarifa ya habari.

Kisha ikaja siku ya papai. Tulisikia redioni kwamba hata papai lilipelekwa kupimwa, likakutwa na ugonjwa. Karani akazima redio. Akainua uso taratibu kuyatazama yale mapapai matano yaliyokuwa yakining'inia juu ya kofia yake.

"Fundi," akasema, "na hawa wamenawa?"

Haukupita muda mrefu, ikatangazwa kwamba tumeomba, Mungu ametusikia, ugonjwa umeondoka. Kesho yake karani alipita kando ya ndoo bila kuigusa, akauvuta mkeka wa pili, akakaa karibu na mama na kumpa mkono. Nilikohoa kidogo, kikohozi cha adabu.

"Unataka kusema nini, fundi?"

"Serikali…" nikaanza.

"Serikali imesema umekwisha. Au wewe una yako?"

Sikuwa na yangu. Mama akaihamishia ndoo jikoni, akaweka maji ya kunywa. Barakoa ambazo hakuna aliyekuja kuzichukua akazifumua kamba, zikawa za kuchujia tui. Nilikula wali wa nazi uliopita kwenye kazi ya mikono yangu, na ulikuwa mtamu, hiyo siwezi kukataa.

Mambo yangeishia hapo kama asingekuja mama mkubwa.

Huyu ni dada yake mama, tumbo moja, ana shamba la mikorosho na mihogo Mpapura. Wakikutana, yeye na mama hushikana mikono yote miwili na hawaachiani mpaka wameulizana habari za kila mtu wa Mpapura na wa Mtwara, wazima na marehemu. Hawakuwa wameonana miezi kadhaa. Mama alikuwa amepika tangu asubuhi. Nilisikia bodaboda ikisimama nje, nikasikia "Hodi!", halafu nikasikia kikohozi. Kilikuwa kikohozi kikavu, kirefu, cha mtu aliyeinama.

Niliacha kitambaa chini ya sindano, nikamkuta mlangoni, kikapu cha mihogo mkononi, macho mekundu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeziba njia kama mgambo?"

"Mama mkubwa, samahani. Tunawaomba wageni wakae pale kwanza." Nikanyoosha kidole kwenye kiti kando ya mpapai. "Siyo mimi. Serikali imesema."

Karani alikuwa pale, miguu kainyoosha mkekani, anakula muhogo wa kuchoma. "Imesema lini?" akauliza, kwa nia njema kabisa, kama mtu anayeogopa kupitwa na habari.

Mama mkubwa alimtazama yeye, akautazama mkeka, kisha akanitazama mimi.

"Yule hana ugonjwa," alisema, "ninao mimi."

"Unakohoa, mama mkubwa."

"Nakohoa salfa! Siku ya tatu leo tunapuliza mikorosho. Wewe ntoto umesahau salfa? Nani alikuwa anakuosha macho kwa maji ya kisima?"

Ni yeye. Likizo zote za shule niliishi kwake, na kila msimu wa kupuliza, unga ule wa njano ulinikaa kooni wiki nzima. Mtu yeyote aliyekulia huku anakijua kikohozi cha salfa akikisikia tu. Nilikuwa nakijua. Lakini nilikuwa nimebeba yai langu, na mtu aliyebeba yai haoni barabara.

Hakugombana nami. Alikwenda akakaa pale kando ya mpapai, mti ambao kivuli chake hakimtoshi hata kuku, na kutoka pale akazungumza na dada yake kwa kupaza sauti. Mambo ya ndani ya ukoo wetu yalisikika nyumba tatu kila upande. Mama alitaka kuinuka amfuate, nikamshika bega. Chakula nilimpelekea mwenyewe, akala robo. Alipoondoka aliacha kikapu.

"Serikali ikiniruhusu," alisema, "nitarudi."

Hakurudi. Mama alinipa adhabu yake anayoijua, ya kutonisema. Angenifokea ningepumua. Badala yake alikuwa akipepeta mchele, anasimama kidogo, anasema peke yake, "Dada angekuwepo," halafu anaendelea. Korosho ziliiva, zikaokotwa, malori yakateremka bandarini. Kampeni zilikuja na muziki wake, watu wakabanana viwanjani bega kwa bega, karani akarudi na fulana mbili za vyama viwili.

"Zote zinanitosha," alisema. "Mimi nitapiga kura yangu ya siri, kifua nimewapa wote."

Tulizungumza kila kitu alasiri zile: bei ya sukari, gesi iliyopita ikaelekea kwingine, umeme uliokatika ukituangalia, nani atateuliwa na nani atatumbuliwa. Ugonjwa tu ndio hatukuuzungumza. Ulikuwa kama deni la marehemu, kila mtu anasubiri mwenzake aanze.

Mwaka ulipogeuka, misikiti ikaanza kutangaza misiba mingi kuliko tulivyozoea. Kila marehemu ilisemwa alikuwa mtu wa mapafu, au wa presha, au wa ile iliyoitwa changamoto ya kupumua. Karani alikuja siku moja sauti imekauka, akijifuta pua.

"Mafua ya mvua," alisema, akakaa mkekani.

Hapa ndipo panaponichosha kila nikifika. Nilijua. Nilikaa na kibwagizo changu mdomoni, na serikali haikuwa imesema kitu, nami nikaona aibu kumwambia mtu mzima, rafiki wa baba, msomaji wa magazeti, asogee kando ya mpapai. Mama mkubwa nilimweza kwa kuwa ni wa shamba na ananipenda. Karani sikumweza. Nilifanya kitu kimoja tu cha kishujaa: nilihamisha mkeka wa mama ndani, nikisema jua kali, siku ambayo mawingu yalikuwa yamefunga mpaka Mikindani. Mimi nikabaki naye tunakunywa kahawa.

Karani alipona baada ya wiki. Mimi siku ya nne baada ya kahawa ile nilitia mafuta kwenye cherehani nikashangaa hayanuki. Nikanusa kopo. Nikanusa kitunguu. Hakuna. Nikaingia chumbani kwangu nikafunga mlango, lakini nilikuwa nimeshamtengea mama chai siku zote nne kwa mkono huu huu. Mtu ambaye hatoki nyumbani ndiye aliyeuingiza nyumbani.

Filimbi ya mama ilianza asubuhi ya Ijumaa, na haikuwa ile ninayoijua. Hospitali alikataa, alikuwa amesikia hadithi za waliokwenda na kifua wasirudi. Nikamletea daktari yule yule, akampa dawa, akaniambia namna ya kumlaza, akasema akizidiwa asibishiwe, abebwe. Mama alisikiliza yote hayo macho ameyafumba, kisha akasema kitu kimoja:

"Mwite dada."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nilipopiga, mama mkubwa alipokea akasubiri nianze mimi.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mama anaumwa."

"Anaumwa nini?"

Maneno ya kujificha yalikuwepo mengi, nchi nzima iliyatumia. Mapafu. Homa. Mvua.

"Ni ule ugonjwa," nikasema. "Nimemletea mimi, nami niliupata kwa karani, kwa sababu niliona haya kumzuia. Nawe siku ile nilikuzuia kwa kikohozi cha salfa. Nisamehe. Anakutaka, lakini naogopa ukija utaupata na wewe."

Nilisikia kuku wake nyuma.

"Umemaliza?" akasema. Akakata simu.

Adhuhuri haijafika, bodaboda ikasimama nje. "Hodi!" Alikuwa amevaa kanga tatu, na amejifunga ya nne puani. Nilitoka nikasimama mbali naye.

"Haya," alisema, "leo nakaa wapi? Serikali inasemaje?"

"Haijasema kitu, mama mkubwa. Nasema mimi. Ndani usiingie. Kaa nje ya dirisha lake."

Alinitazama vile anavyotazama korosho kabla ya kuitia gunia au kuitupa. Kisha akaenda mwenyewe hadi kwenye mpapai, akanyanyua kile kiti, na kukipeleka chini ya dirisha la mama. Nilimpa barakoa moja iliyobaki, nimeirudishia kamba. Akaipeleka puani.

"Inanuka tui lililochacha!"

"Sisikii harufu, mama mkubwa."

"Malipo hayo," akasema, na akaivaa.

Siku sita alikaa pale, mchana kutwa, usiku akilala kwa mke wa karani. Kupitia nondo za dirisha alimhesabia mama habari za wote, wazima na marehemu, bila haraka, na mama aliposhindwa kujibu alijijibu mwenyewe kwa niaba yake. Mimi nilibaki chumbani kwangu, nikitoka tu kupika uji, barakoa usoni, nikisikiliza. Siku ya tatu filimbi ikawa nyembamba mno, mama mkubwa akanyamaza katikati ya habari, na mimi nikasimama na mwiko mkononi, nimeshaita gari la kumbeba.

"Dada," sauti ya mama ikatoka, ndogo kama uzi. "Bado upo?"

"Nipo. Serikali haijasema niondoke."

Nikasikia kitu ambacho mwanzoni sikukitambua. Mama alikuwa anacheka, na mwishoni akakohoa sana, lakini alikuwa anacheka. Gari lilipofika mlangoni alikataa kupanda.

Kifua chake hakikurudi chote. Kutoka chumbani hadi jikoni siku hizi anapumzika mara moja njiani, na ananishauri nami nipumzike, kwa kuwa safari za hatua nane anazijua zinavyochosha. Karani anakuja bado. Akiwa na mafua namwambia, "Leo dirishani, mzee wangu," naye ananung'unika kuhusu raia wanaojipa vyeo, lakini anakwenda. Na mama mkubwa akija kutoka Mpapura hapigi hodi. Anapita moja kwa moja mpaka kwenye ndoo ya bluu, niliyoirudisha mlangoni, anafungua bomba mpaka mwisho na kunawa kwa kishindo, maji yanamwagika barazani mpaka chini ya cherehani yangu, na haachi mpaka niinue kichwa nimwone. Ndipo anaingia, na ndani nasikia mikono minne ikikutana.