Krimu ya Kidevu

Kila akimaliza mstari wa nywele, msusi wa saluni ya kontena pale kitongoji cha Mamelodi hupapasa kidevu chake kwa mgongo wa kiganja. Asubuhi, kabla wateja hawajajaa, hujipaka krimu taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga. Refilwe, mteja wake wa siku zote, aliwahi kumuuliza ni ya nini.

“Ya ndevu, dada. Haiziondoi. Nanyoa, halafu zinachelewa kurudi.”

“Zinachelewa wapi?”

“Huko anakochelewaga mumeo.”

Walicheka, lakini Refilwe alirudi nyumbani kichwa kimemvurugika, asijue amweke wapi mwanamke huyu mwenye sauti laini na ndevu za kucheleweshwa. Wateja wengine hawajui. Wakijua, huenda wakamkimbia.

Leo msusi amempakata mtoto wa Refilwe, mikono yote miwili imemshika. Mtoto naye amekivamia kidevu, anakikwaruza kwa vidole, haachi.

“Kanatafuta nini hapo?” akauliza mama mmoja kwenye benchi.

Msusi akainamisha macho.

“Kamemcheulia shangazi yake maziwa,” Refilwe akadakia. “Kanamfuta.”

Shangazi. Hata yeye hakujua neno hilo limemtoka wapi. Msusi alimsogeza mtoto karibu zaidi, akamwacha apapase.